Kilimatinde na Vichaka vya Itigi

Ukisafiri kwa reli kutoka Dodoma kwenda Tabora, utavuka kwanza mbuga za Bahi, ambazo wakati wa masika hujaa maji. Kisha utafika stesheni ya Saranda, na mbele yako utaona nchi imeinuka kama ukuta. Huo ndio ukingo wa Bonde la Ufa. Juu ya ukingo huo, kusini ya reli, ndipo ulipo mji wetu mdogo wa Kilimatinde. Simama hapo asubuhi utazame mashariki: mibuyu iliyo chini yako yaonekana kama miche, na nchi ya Ugogo imetandazwa mpaka macho yachoke.

Zamani mji huu ulikuwa na sifa kubwa. Misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora ilipanda hapa, na katika miaka ya 1890 Wadachi walijenga boma. Lakini reli, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilipita Manyoni, na leo Manyoni ndiyo makao ya wilaya. Sisi tulibaki na hospitali ya Kanisa la Anglikana, na mandhari ambayo kila mgeni huisifu kabla ya kuondoka.

Leo nakuomba uyape mandhari hayo kisogo, utazame magharibi. Toka Manyoni mpaka Itigi ni mwendo wa kilomita 40 hivi, na huko ndiko viliko vichaka ninavyotaka kukusimulia.

Vichaka hivi si msitu wa miti mirefu, wala si pori la miyombo. Ni miti midogo ya meta tatu mpaka tano, mashina mengi yametoka katika shina moja la chini, na matawi yamesongamana hata mtu hawezi kupita bila panga au kutambaa. Chini yake nyasi ni haba sana. Udongo ni wa mchanga, na ndani yake kuna tabaka gumu kama saruji. Kiangazi kikikaza majani yote hupukutika, na nchi huwa ya rangi ya majivu. Mgeni hudhani pori limekufa. Mvua za kwanza zikinyesha, baada ya siku chache tu hulitambui tena.

Je, wajua kwamba vichaka vya namna hii viko mahali pawili tu duniani? Pa kwanza ni hapa kwetu. Pa pili ni Zambia ya kaskazini, kati ya ziwa Mweru Wantipa na Ziwa Tanganyika. Ukijumlisha pande zote mbili, eneo lake la asili ni karibu kilomita za mraba 8,000, yaani kama sehemu moja ya sita ya Mkoa wa Singida.

Mtu mmoja aliyeichunguza sana mimea ya nchi hii alikuwa Mwingereza, B. D. Burtt, wa idara ya uchunguzi wa mbung'o. Alikufa katika ajali ya ndege hapa Tanganyika mwaka 1938, pamoja na mkuu wake, Swynnerton. Mti mmoja wa vichaka hivi, Burttia prunoides, una jina lake. Nao ni mti wa peke yake: katika jamii ya Burttia hakuna mwingine.

Watu wengi wamesikia habari za Kitulo, katika nyanda za juu za kusini, ambako okidi za ardhini huchanua kwa rangi nyingi. Mahali pale pamekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, na watu hupaita Bustani ya Mungu. Hata hivyo uzuri wa okidi haukuziokoa zote. Viazi vyake vimechimbwa kwa wingi katika nyanda hizo na kuuzwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Ikiwa ua zuri namna ile laweza kung'olewa kwa fedha kidogo, kichaka chenye rangi ya majivu kitatetewa na nani?

Hatari yake ni kazi zetu za kila siku: mashamba mapya, mkaa, na kuni. Mimi ni karani wa parishi, na daftari la michango liko mezani pangu. Kila harusi na kila msiba, mstari wa kuni haukosi. Sisemi watu wasipike. Lakini kichaka kikifyekwa, nyasi huingia mahali pake, na nyasi huleta moto ambao zamani haukupata njia.

Basi tufanye nini? Mwenye shamba aache ukanda wa kichaka mpakani. Kila nyumba ipande miti yake ya kuni karibu na ua. Na tutundike mizinga, maana maua ya vichaka hivi ni malisho ya nyuki. Huko Aghondi, kati ya Manyoni na Itigi, Serikali imeweka hifadhi ya nyuki. Gunia la mkaa hulipa mara moja. Mzinga hulipa tena mwaka ujao.

Mtu wa kwanza aliwekwa bustanini kwa kazi mbili, kulima na kutunza. Ile ya kwanza twaifanya kwa bidii sana. Ya pili nayo yatungojea, na bustani yenyewe iko nyuma ya nyumba zetu.