Mwanangu aligoma kuvaa 'sketi', kumbe neno lilikuwa langu

Shemeji yangu alipotuletea mwaliko wa harusi yake, aliuleta na ombi moja. Mimi na mwanangu wa miaka tisa tuwe miongoni mwa watakaomsindikiza bwana harusi, na wote tuvae kilti.

Kwa asiyeijua, kilti ni vazi la wanaume wa Uskoti. Ni kitambaa kizito cha sufu chenye mirabaraba, kinazungushwa kiunoni na kuishia magotini. Tunaishi Glasgow, alikozaliwa mke wangu, na huku mwanamume akiwa na harusi au mahafali, mara nyingi hilo ndilo vazi lake.

Mke wangu alifurahi. Mimi nilitabasamu tu. Mtoto akasema kwa Kiswahili, mjomba wake asielewe: "Mimi sivai sketi. Baba mwenyewe alisema ile ni sketi."

Mke wangu, ambaye Kiswahili anakielewa vizuri, alinigeukia akanitazama bila kusema neno.

Nilikumbuka. Miaka miwili nyuma tulikuwa Edinburgh, tukampita mzee anayepuliza lile zumari lao lenye mfuko wa upepo. Nilimgusa mwanangu begani nikamwambia, "Mwone yule babu na sketi yake." Tukacheka, tukaendelea na safari. Mimi nilisahau siku ileile. Yeye alilibeba lile neno miaka miwili.

Wazazi wenzangu, kilichoniuma si utani wenyewe. Babu yake mzaa mama ana kilti kabatini, na ndiyo aliyovaa siku ya ndoa yangu. Kwa hiyo nilipomfundisha mtoto kucheka vazi lile, nilimfundisha kucheka nusu ya damu yake.

Hata hivyo sikuomba radhi siku hiyo. Ukweli ni kwamba mimi pia nilikuwa naogopa. Nilianza visingizio: baridi, gharama ya kukodi, goti langu lenye kovu. Nilijiona nikipita barabarani, mtu mweusi na miguu wazi, watu wakijiuliza huyu naye anaigiza nini.

Jumapili nilimpigia mama simu Tanga. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamweleza, nikitegemea ataniunga mkono. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Marehemu baba yako alikuwa akienda sokoni na nini kiunoni?"

Nikasema, "Msuli, mama."

"Ulimwona kavaa sketi?"

Sikuwa na jibu. Baba yangu alikaa barazani na msuli wake, akapokea wageni na kusuluhisha ugomvi wa majirani, na hakuna mtu aliyethubutu kuuita khanga. Nguo ni ileile ya kuzungusha kiunoni. Kilichobadilika ni jicho langu tu.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda dukani watatu: mimi, mwanangu na baba mkwe. Njiani nilimwambia mtoto: "Siku ile Edinburgh nilikosea. Lile ni vazi la heshima, na mimi nilisema ovyo." Akaniuliza, "Kwa hiyo na wewe utavaa?" Nikasema nitavaa. Akasema basi ataona kwanza.

Baba mkwe alitufundisha taratibu. Marinda hukaa nyuma, mbele huwa bapa, na ukingo wa kipande cha juu huangukia upande wa kulia. Upindo wa chini ugote katikati ya goti. Ile pini kubwa ya mbele huchomwa kwenye kipande cha juu peke yake. Ukishona navyo viwili pamoja, kilti haianguki vizuri. Mkoba mdogo wa ngozi huning'inia mbele, kwa kuwa vazi lenyewe halina mifuko. Ukiketi, unakusanya marinda kwa nyuma kwa kiganja. Alituambia kilti rasmi ya mtu mzima hula yadi 8 hivi za kitambaa, na mwili wangu uliamini, maana ni nzito kweli.

Akamsimulia mjukuu wake jambo nililokuwa silijui. Mwaka 1746, baada ya wapiganaji wa nyanda za juu kushindwa vitani Culloden, bunge la London lilipiga marufuku mavazi hayo kwa wanaume na wavulana wasio askari. Kosa la kwanza lilikuwa kifungo cha miezi sita. La pili, kupelekwa ng'ambo miaka saba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Mtoto alishika marinda akauliza, "Hata watoto wangefungwa?" Babu akamjibu kwamba sheria iliwataja wavulana pia. Tangu hapo sikulisikia tena neno sketi.

Kilichobaki kilikuwa hofu yangu. Nikaamua kuipunguza kidogo kidogo. Siku ya kwanza nilivaa nikiosha vyombo. Siku ya pili nilitoka nayo kutupa taka. Siku ya tatu nikamwambia mtoto twende dukani kununua maziwa.

Kituo cha basi kilikuwa na vijana wanne. Mmoja akapiga mluzi, wengine wakacheka. Masikio yaliniwaka moto, nikatamani kugeuza. Lakini mkono wa mwanangu ulikuwa ndani ya mkono wangu, na nilijua hawatazami wao, ananitazama mimi. Nikawapungia mkono, tukapita. Dukani, mama mmoja mtu mzima alinisogelea akaninong'oneza kwamba mkoba wangu umekaa upande, akauweka sawa kama ambavyo shangazi yangu angeniweka sawa kola. Basi. Hayo ndiyo yote yaliyotokea katika safari niliyoiogopa wiki tatu.

Siku ya harusi upepo ulivuma tangu asubuhi. Wanaoniuliza nilivaa nini ndani, nilivaa bukta, na sitaki mjadala. Mwanangu alisimama kando yangu kanisani, soksi zimevutwa hadi chini ya magoti, na kila alipoketi alikusanya marinda kwa kiganja kama alivyofundishwa. Babu yake alipomwona alitoa leso mfukoni, akajifanya ana mafua.

Sina cha kumfundisha mzazi mwenzangu zaidi ya haya mawili. Mtoto akikataa jambo kwa maneno makali, kabla hujauliza kayatoa wapi, kumbuka kwanza yako. Na ukigundua ni yako, mwambie umekosea, halafu afanye akuone ukifanya tofauti. Kuomba radhi kwa mdomo pekee hakukumtosha wangu. Alisubiri aone miguu yangu barabarani.

Desemba tunakwenda Tanga, na ameshaomba kubeba kilti yake amwonyeshe bibi. Nimemweleza habari za joto la Desemba na sufu. Bibi naye ametuma ujumbe kwamba ailete, na kwamba msuli wa babu bado umekunjwa sandukuni, atamfundisha kuufunga.