Barua kutoka Mtwara

Dada, nimeingia Mtwara jana jioni, miguu imevimba kwa kukaa basini, lakini roho kunjufu. Tulitoka Dar alfajiri, tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, tukapita Somanga, Nangurukuru, hadi Lindi.

Somanga ilinirudisha Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara hii, na siku chache baadaye nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari nazo zikakatika. Wanafunzi wangu wa kusini, ninaowafundisha kwa mtandao, wakawa kimya. Nikaanza kuwapigia mmoja mmoja, simu ya kawaida tu, na wengine ndiyo kwanza nikawasikia sauti. Hamu ya safari hii ilianzia pale.

Leo nimekutana na baadhi yao kwenye kituo cha Chuo Kikuu Huria. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi kanieleza kwamba husoma usiku chumba kimoja na watoto waliolala, ndiyo maana hazungumzi, huandika tu. Muuguzi mmoja husikiliza vipindi vilivyorekodiwa akitoka zamu ya usiku. Wapo walimu wenzetu wanaoshurutisha kila mtu awashe kamera. Mimi nakataa kabisa! Bando ni pesa, na chumba cha mtu ni siri yake. Sura si lazima. Jina lake, kazi yake na saa anayopata nafasi, hayo lazima niyajue.

Na kuna korosho, dada. Huku Juni watu wako mashambani wanapulizia salfa, Oktoba wanangoja mnada. Ukipanga mwisho wa kukusanya kazi wakati huo, umewafukuza darasani. Mwaka huu nilipofundisha bei na soko, nilimwomba kijana wa Tandahimba atueleze mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007. Alirekodi ujumbe wa sauti, akaeleza kuanzia gunia linapopimwa chama cha msingi hadi mkulima anapolipwa. Wenzake wa Mwanza wakamwaga maswali mpaka saa sita usiku. Tangu hapo wanaitana kwa majina, na mimi kazi zao nazisahihisha kwa sauti, si kwa alama peke yake.

Kesho naelekea Masasi, halafu Newala. Nikirudi Dar nitakupigia tupange ratiba ya wanafunzi wako wa Dodoma. Waulize kwanza zabibu zao wanavuna lini.

Wasalimie watoto.

Mdogo wako