Dhahabu ya Wamaza, nyumba wapi?



Hapa Wamaza kuna swali linalorudi kila mara mtu anapopata kitu chenye uzito. Siku ya kwanza analipa madeni. Siku ya pili ananunua nguo na pikipiki. Siku ya tatu, kama ana akili, anauliza: «Parseli, ninunue wapi?» Mmoja anamjibu: «Kasongo, ni karibu.» Mwingine anasema: «Kasongo ni karibu, lakini Kindu njo mji.» Wa tatu anasema: «Jenga paka hapa hapa, karibu na kazi yako.» Halafu komisioneri anafika na picha ndani ya telefone, na kabla jua halijashuka franga zimeshatoka mkononi.

Leo nataka tutembee pamoja, mimi na wewe, tuangalie kila pahali kwa zamu. Sitakuchagulia. Ila nitakuambia jambo moja, ulishike mpaka mwisho: nyumba inachaguliwa kwa macho ya yule atakayelala ndani yake. Baba mchimbaji anarudi nyumbani mara chache kwa mwaka. Mwenye kulala mule kila usiku, mwenye kutafuta maji, mwenye kukimbia na mtoto mwenye homa, ni mama. Basi kama mama hajapaona, bado hamjachagua kitu.

Kubaki Wamaza

Tuanze hapa tulipo. Faida ya kujenga Wamaza inaonekana: baba analala na jamaa yake, na chakula chake kinapikwa na mke wake, si na mkahawa wa deni. Hilo si jambo dogo. Ndoa nyingi zimekufa kwa sababu ya umbali tu.

Lakini jiulize: chini ya nyumba yangu kuna nini? Kodi ya madini ya mwaka 2002, ile iliyorekebishwa mwaka 2018, inatenganisha udongo wa juu na madini ya chini. Wewe unaweza kuwa na haki ya kujenga juu, na mtu mwingine akawa na kibali cha kuchimba chini. Siku akija, sheria inamwamuru alipe mali anayoharibu. Ndiyo, lakini kuna kuhesabu, kuna kungoja, kuna kuhama. Tena si lazima twende mbali kujua kampuni inaweza kufika: Namoya, upande wa Salamabila, teritwari ya Kabambare, kampuni Banro ilianza uzalishaji wa biashara mwaka 2016.

Kuna na jambo lingine ambalo kila mchimbaji analijua. Shimo likikauka, watu wanahama. Mahema yanahama, maduka yanahama, hata baa inahama. Nyumba ya matofali haihami. Kwa hiyo hapa kwetu, nyumba ya miti na udongo yenye mabati mazuri inatosha kwa miaka ya kazi. Saruji nyingi, fikiri kwanza.

Kasongo

Kasongo ni mji wa zamani kuliko miji mingi ya nchi yetu. Ulikuwa mji mkubwa wa Waungwana wakati wa Tippu Tip. Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Leopold wakiongozwa na Dhanis waliuteka. Baadaye mji ulihamishwa, na pahali pa kwanza panaitwa Tongoni mpaka leo. Sisi tunajua tongo ni nini: ni pahali watu walipoacha. Hata mji wenye sifa unaweza kuachwa. Lisahau jina la mji kidogo, uangalie maisha yake.

Maisha ya Kasongo ni haya. Kuna hospitali ambayo kazi yake ilijulikana hata Ulaya tangu miaka ya 1970, wakati waganga walipofanya pale kazi pamoja na Chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerpen, Ubelgiji. Kuna shule na soko. Na mama anayejua jembe anaweza kulima mpunga na mihogo karibu na mji, asingoje baba atume pesa kwa kila sufuria. Kwa jamaa ya mchimbaji hilo ni neno kubwa, kwa maana shimo linatoa leo na kunyima miezi mitatu.

Ubaya wake ni njia. Kutoka Kasongo kwenda Kindu ni zaidi ya kilomita 200, na wakati wa mvua kilomita hizo zinakuwa siku. Mwenye mtoto wa chuo kikubwa au mgonjwa wa kupasuliwa atazihesabu moja moja.

Kindu na ng'ambo yake

Kindu ni mji mkuu wa Maniema tangu tulipoachana na Kivu ya zamani mwaka 1988. Mto Lualaba unaukata mji katikati. Upande wa magharibi kuna komini mbili, Kasuku na Mikelenge. Upande wa mashariki kuna komini moja, Alunguli. Ofisi kubwa za provensi, stesheni ya reli na uwanja wa ndege viko magharibi. Reli ya kwenda Kongolo, kilomita 355, ilimalizika mwaka 1911, na mji ulikua kuifuata. Upande wa Alunguli unapokea njia ya Kalima na Pangi, na mizigo yake.

Sasa komisioneri atakuambia: «Baba, Alunguli parseli iko kubwa, bei iko chini. Unavuka tu!» Ni kweli kwamba karibu na ofisi na soko kubwa udongo ni ghali na parseli ni ndogo. Lakini lile neno «unavuka tu» lina hesabu ndani yake. Watu wanavuka kwa mtumbwi au kwa chombo cha motere, si kwa daraja. Mtu mwenye kazi ng'ambo akivuka siku 26 kwa mwezi, kwenda na kurudi, ni mara 52. Kwa mwaka ni mara 624. Chukua bei ya mvuko mmoja, uizidishe mara 624, halafu uizidishe tena kwa idadi ya watu wa nyumba wanaovuka. Ongeza jumla hiyo kwenye bei ya parseli. Hapo njo utajua kama ni bei ya chini.

Na pesa si yote. Uliza mvua kubwa ikija saa kumi za jioni, watoto wa shule wanarudi namna gani? Uliza usiku wa manane mama mwenye mimba anapelekwa wapi? Alunguli ina eneo lake la afya na hospitali yake. Basi mama aende aione kwa macho. Kama shule, soko, kanisa na hospitali vyote mnavipata upande ule ule, Alunguli inaweza kuwafaa kuliko Kasuku, kwa kuwa hamtavuka kila siku. Kama kazi ya mama ni kuuza ng'ambo, jibu linabadilika. Unaona? Parseli ni ile ile, lakini kwa jamaa mbili ina majibu mawili.

Watu wa mbali nao wanavuka

Usifikiri shida hii ni yetu peke yetu. Uholanzi kuna mji unaitwa Almere. Pahali pale palikuwa maji. Waholanzi waliyafunga kwa kuta za udongo, wakayatoa kwa mashine, na ardhi ilikuwa kavu mwaka 1968. Wakaaji wa kwanza waliingia nyumba zao mwaka 1976, mtaa wa Almere Haven. Ikafuata mitaa mingine, na leo mji una watu zaidi ya 200,000. Wengi wanalala Almere na kufanya kazi Amsterdam, mji mkubwa ulio jirani, kwa sababu nyumba za Amsterdam ni ghali. Mtu wa kule naye anapiga hesabu yetu ya mvuko: nyumba ni rahisi zaidi, lakini treni ni kila asubuhi na kila jioni. Naye anauliza: toka mlangoni mpaka stesheni ni dakika ngapi? Shule iko wapi?

Lakini wana jambo moja ambalo ningependa tuwaige. Tangu mwaka 2003 sheria yao inampa mnunuzi wa nyumba siku tatu za kufikiri baada ya kupokea mapatano yaliyosainiwa. Ndani ya siku hizo anaweza kugeuka bila kulipa faini. Yaani hata kule kwenye karatasi nyingi na ofisi nyingi, walijua kwamba mtu mwenye hamu ya nyumba anaweza kulewa bila pombe.

Sisi hapana haja ya kungoja sheria. Jipe siku tatu zako mwenyewe. Komisioneri akikuambia «kuna mwingine anakuja na franga saa hii», mjibu kwa upole: «Mwache anunue.» Parseli iliyo nzuri kweli haiogopi siku tatu.

Kazi ya siku tatu

Siku ya kwanza ni ya miguu. Tembea kartie nzima na mama, asubuhi na tena usiku saa moja. Mwezi wa 6 mpaka wa 8 kila bonde ni kavu na kila njia ni nzuri. Kama unaweza, njoo mwezi wa 11 au wa 4. Angalia kuta za majirani: maji yaliacha alama mpaka wapi? Angalia kama korongo linakula njia. Watu wa Uvira waliona mito ikiingia nyumba zao Aprili 2020, na mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda likafunika nyumba za pwani Kalemie. Maji yanakumbuka njia yake, hata kama muuzaji ameisahau.

Siku ya pili ni ya masikio. Zungumza na watu watatu: mama anayechota maji, mwalimu wa shule ya karibu, na jirani wa mpakani. Jirani umuulize hivi: «Mpaka wenu ni upi?» Akinyamaza, na wewe funga mfuko.

Siku ya tatu ni ya makaratasi. Hapa sikiliza vizuri. Sheria ya 20 Julai 1973 iliweka kwamba udongo ni mali ya Leta. Mtu anapata haki ya kuutumia. Karatasi yenye nguvu kwa mjini ni sertifika ya konservateri, ile wanaita sertifika danrejistrema. Inaandikwa mara mbili: moja inabaki katika kitabu cha ofisi, nyingine anapewa mwenyewe. Kwa hiyo usitosheke na ile ya mkononi. Nenda ofisini uulize kama ndugu yake iko kitabuni. Barua ya shefu wa kartie au ya shefu wa mji ni ushuhuda mzuri, lakini haigeuki sertifika. Na mapatano ya kupanga udongo wa Leta yana muda wake na yanadai ujenge. Uliza muda huo umebaki kiasi gani.

Halafu kuna saini. Kodi ya familia ya mwaka 1987 inataka mume na mke wote wawili wakubali kuuza haki ya nyumba au ya udongo. Muuzaji akija peke yake na kusema «bibi yangu hana neno», mwambie amlete huyo asiye na neno, asaini. Vinginevyo utanunua kesi.

Sheria hiyo, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamlinda na mjane: ana haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyokaa pamoja, na watoto ndio warithi wa kwanza. Lakini mbele ya Leta mjane ni yule ambaye ndoa yake imeandikishwa. Mimi ninabariki ndoa kanisani na ninafurahi. Walakini baraka yangu haisomwi na konservateri. Mashimo yetu yanaanguka, ndugu yangu, wewe unajua. Siku baba hatoki tena, wajomba na baba wadogo wanafika kabla ya machozi kukauka, na swali lao la kwanza ni: «Karatasi za nyumba ziko wapi?» Nimewaona wamama wakitoka nyumbani na mkeka na sufuria, kwa kukosa karatasi ya ndoa ambayo ingeandikwa asubuhi moja tu.

Nabii Yeremia, sura ya 32, alinunua shamba kwa shekeli 17 wakati jeshi limezunguka mji. Aliita mashahidi, akafanya hati mbili, akaamuru ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Nasi tumeona vita. Tunajua kukimbia usiku. Fanya kopi ya kila karatasi. Moja ikae kwa mama ndani ya naylon na chupa ya kufunga, nyingine kwa mtu wa kuaminika katika mji mwingine.

Basi baba, kabla ya grama yako kugeuka udongo, lipa safari ya mama. Mwache atembee kartie, aonje maji, apige hesabu ya mvuko, aulize njia ya hospitali. Akirudi na kusema «hapana», umeokoa franga zako. Akisema «ndiyo», nendeni wote wawili ofisini, na majina yenu yote mawili yaandikwe.