Unga mweupe, jua, na maji ya kwetu

Nimeadimika, najua, kazi za maabara zimenibana kweli. Leo naleta kemia kidogo. Watu wa Historia na Kiswahili msikimbie jamani, hakuna milinganyo humu, teh teh!

Kuna unga mweupe unaitwa titaniamu dioksidi. Mnaufahamu hata kama jina hamlijui: ndio unaozipa weupe rangi nyingi za ukutani, na kwenye dawa nyingi za meno umo. Hata malighafi yake haiko mbali. Kule Kwale, pwani ya Kenya, mchanga wenye madini hayo ulichimbwa toka 2013 mpaka mwisho wa 2024.

Sasa chukua unga huo, utie kwenye maji yenye rangi ya nguo, kisha uanike juani. Miale ya urujuanimno inang'oa elektroni ndani ya unga na kuacha tundu. Elektroni inadakwa na oksijeni, na lile tundu linajaziwa kwa kunyang'anya elektroni kwenye maji. Hapo zinazaliwa radikali za haidroksili, ambazo zina njaa ya ajabu. Zinashambulia rangi, viuatilifu, hata mabaki ya dawa za hospitali, zinakata kipande kwa kipande. Kazi ikikamilika inabaki kaboni dioksidi, maji na chumvi kidogo. Unga wenyewe hauishi, ndio maana tunauita kichocheo. Oksidi ya zinki nayo inaweza kazi hiyo, ila yenyewe huliwa polepole na maji.

Habari hizi si za jana. Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walichapisha jinsi titaniamu dioksidi inavyopasua maji kwa nguvu ya mwanga. Mwaka 1977 Wamarekani Steven Frank na Allen Bard wakaonyesha kwamba inaweza kuharibu sianidi ndani ya maji. Sianidi, jamani!

Nikawa nawasimulia watu wa nyumbani kwenye simu kwa mbwembwe zote. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Mwanangu, huo unga utatoa kile kinachoharibu meno kwenye maji yetu?"

Kwetu ni Meru, chini ya mlima. Maji ya chemchemi yetu ni maangavu, unaona hadi kokoto za chini. Lakini yana floraidi nyingi. Mdogo wangu yuko darasa la sita, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja.

Jibu ni hapana. Ile njaa ya radikali ni ya kuvunja vitu vilivyojengwa. Ukibomoa nyumba unabaki na matofali, na floraidi yenyewe ndiyo tofali. Ni atomi moja yenye chaji, hakuna cha kubomoa pale, hata uianike juani mwaka mzima. Hiyo dawa yake ni kuinasa, kama wanavyofanya kwa mkaa wa mifupa pale Ngurdoto, mpaka ishuke chini ya miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri.

Na hata kwa uchafu unaovunjika, unga una masharti yake. Miale unayoihitaji ni kama asilimia 5 tu ya mwanga wa jua, maji yakiwa na matope haipenyi, na ukimaliza lazima uchuje unga wote utoke.

Kwa hiyo nikienda mazoezi ya kufundisha, swali la kwanza kwa kidato cha tatu litakuwa: ndani ya maji haya kuna nini? Kabla ya kuuliza dawa, tumjue adui. Anayekuuzia kitu cha "kusafisha maji yote" muulize hivyo hivyo, uone kama atakujibu.

Meno ya huyu wa darasa la sita yameshaota, maji mazuri hayatayabadilisha tena. Lakini kitindamimba wetu ana miaka miwili, meno yake ya ukubwani ndiyo kwanza yanajijenga ndani ya fizi. Mama sasa anakinga maji ya mvua kwenye pipa, na uji wa mtoto unapikwa kwa hayo tu.

Ndugu zanguni wa Singida, Shinyanga na Manyara, nyie kwenu mnafanyaje? Tuelimishane. Tuko pamoja.