Bi harusi, usiikate doti ya bibi

Huko Japani wapo wanaokusanya mabango ya zamani ya sinema za Godzilla, lile dude la baharini lililoanza kuonyeshwa mwaka 1954. Bango lilibandikwa kuita watazamaji, filamu ikiisha likabanduliwa na kutupwa. Ndiyo maana yaliyosalia yana thamani.

Sisi mafundi cherehani wa Mpepai, huku Mbinga, tunakusanya kitu kingine kilichochapwa Japani: kanga. Miaka ya 1950 na 1960 viwanda vya Japani vilichapa kanga nyingi za Afrika Mashariki, kabla kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, hakijafunguliwa mwaka 1968. Nazo zilivaliwa zikachakaa: zilibeba watoto, zikafungwa kiunoni jikoni, mwisho zikawa matambara.

Sasa mabibi harusi wanatuletea doti za bibi zao tuwashonee magauni ya sherehe. Kukosa kazi kunauma, lakini hatuweki mkasi kabla bi harusi hajaisoma kanga yenyewe: pindo, mji na jina. Jina lile ni ujumbe aliouchagua bibi, au aliopewa na aliyempenda. Mkasi ukipita, ujumbe umekatika.

Ifue kwa maji baridi, uianike kivulini ikauke kabisa, maana baridi ya huku huleta ukungu. Ikunje ndani ya shuka safi ya pamba, si mfuko wa plastiki. Gauni tutakushonea kwa doti mpya. Ya bibi jitande siku ya ndoa, ikiwa nzima.