Stika Yangu Si Bandia, Ni ya Kampuni Nyingine Tu

Wasee, kuna printa ya lebo inaitwa DYMO LabelWriter 550. Haitumii wino hata tone. Inachapa kwa joto, kama ile mashine ya risiti pale supamaketi. Yaani kitu utakachonunua kila mara ni roli ya stika tu. Na mtego uko hapo hapo: roli ina chipu ya RFID. Printa inaisoma, inahesabu stika zilizobaki, na ikikosa chipu inagoma. Ile ya kabla yake, 450, ilikuwa inakula roli yoyote inayotoshea.

Utetezi wa chipu kama hizi huwa ni ule ule: ati zinakamata bandia. Ngoja kidogo. Bandia ni kubandika jina la kampuni kwa mali isiyo yake. Hiyo hata mimi siitaki, na Kenya tuna sheria ya kuipinga tangu 2008. Lakini roli isiyo na jina, inayouzwa bila kujifanya ya mtu, imedanganya nani? Chipu haijui tofauti. Kwake, kila mgeni ni mwizi.

Sasa fikiria dada anayeuza vipodozi mtandaoni kutoka bedsita yake, vifurushi 20 kwa siku. Printa ashalipia. Mbona aombe ruhusa ya kuweka karatasi?

Ukienda kununua printa, beba roli ya bei rahisi. Waambie waijaribu mbele yako. Ikigoma, pesa irudi mfukoni.