Karagwe, Kyerwa na Mkoko wa Mchumba Wangu

Forester ya mwaka 2003, tope la masika na stakabadhi moja ndani ya dashibodi. Safari ya ukweni iliyonifundisha magari, na mengine zaidi ya magari.

Hivi, mpenzi msomaji, umeshawahi kusafiri masaa mawili na nusu na mtu unayempenda bila kumsemesha neno? Mimi nimeshawahi. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, tunatoka Bukoba kwenda Kyerwa ambako mchumba wangu alikuwa ananipeleka kunitambulisha kwa wazazi wake. Nguo nimeshonesha, zawadi ya mama mkwe nimeifunga vizuri kwenye karatasi ya kung'aa. Roho ilikuwa kwatu!

Tukasimama sheli kujaza mafuta. Mwenzangu kashuka, mimi nikafungua dashibodi kutafuta tishu. Nikakutana na stakabadhi. Matairi manne, milioni moja na laki mbili. Spesa za kuinulia gari pamoja na ufundi, laki tatu na nusu. Bamba la chuma la kukinga sampu, laki moja na nusu. Jumla milioni moja na laki saba. Nikaangalia tarehe. Ilikuwa wiki ile ile aliyoniambia kwamba mchango wake kwenye akaunti yetu ya harusi utachelewa, eti kazini mshahara umesumbua.

Nikairudisha ilipokuwa. Nikafunga mkanda. Kimya.

MKOKO WENYEWE

Kama una mwanaume anayependa Subaru unajua ninachosema. Hawa watu wana ugonjwa wao. Mwenzangu anaweza kukutajia kwamba Subaru Impreza ilishinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 ikiwa na Colin McRae. Anaweza pia kukusimulia jinsi Mkenya Patrick Njiru alivyomaliza wa nne mwaka 1994. Siku ya kuzaliwa ya mama yangu haikumbuki.

Lakini haki yake nimpe. Sababu za kulipenda gari hili zipo. Injini yake ni ya aina ya boksa: pistoni zimelala, nyingine zinakwenda kulia na nyingine kushoto, kama mabondia wawili wanaorushiana ngumi. Uzito wote unakaa chini, kwa hiyo gari haliyumbi ovyo kwenye kona. Nguvu ya injini nayo inakwenda kwenye matairi yote manne muda wote, wewe hubonyezi kitu. Na kwa bei ya Land Cruiser moja iliyotumika unapata Forester kadhaa za zamani, ukabaki na chenji ya kununulia kitanda.

Ila Forester si Land Cruiser, na hapa ndipo vijana wengi wanapojidanganya. Zile za otomatiki hazina gia nzito za kupandia mlima. Tumbo lake liko kama sentimita 20 tu kutoka ardhini. Ndiyo maana wenye nazo wanaoishi kwenye barabara mbaya huziinua: wanaweka spesa juu ya shokapu, gari linapanda sentimita tatu au nne, kisha wanavalisha matairi yenye meno ya kukamata tope. La mwenzangu lilipanda nne. Nakiri, lilikuwa limependeza ile mbaya. Ndiyo lililozidi kuniudhi.

KYAKA HADI OMURUSHAKA

Tulifika Kyaka, mji wenye daraja la Mto Kagera ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivunja mwaka 1978. Hapo ukiwa na safari ya Karagwe unaacha barabara ya Mutukula na kushika lami ya kwenda Bugene, kama kilomita 60. Wenye umri kidogo watakuambia habari za barabara hiyo kabla ya lami: vumbi jekundu hadi kwenye kope, na mvua ikinyesha unalala ulipofika.

Siku hizi ni mteremko wa raha, nikimaanisha raha, si mteremko, maana ni vilima mwanzo mwisho. Kadiri unavyopanda hewa inapoa, unafunga kioo. Migomba imeshika kila upande, chini yake kahawa, na mara mojamoja ng'ombe wenye pembe ndefu kama upinde wanavuka bila haraka, wanakuangalia kama wewe ndiye uliyepotea.

Mwenzangu alipoona nimenuna akajifanya mwongoza watalii. Akaanza na Bweranyange, makao ya kale ya wafalme wa Karagwe, palipokuwa na vitu vya kifalme vya chuma, wakiwemo ng'ombe wadogo wa chuma waliofuliwa na mafundi wa huko. Akaja kwa Omukama Rumanyika, ambaye Novemba 1861 aliwapokea Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, akawakirimu kweli kweli. Jina lake ndilo lililobaki kwenye Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019 sambamba na jirani yake Ibanda-Kyerwa.

"Grant akaumwa mguu," akasema, "hawezi kutembea. Januari 1862 Speke akaenda zake Buganda, akamwacha mwenzake hapa Karagwe."

"Hata mimi ningemwacha," nikasema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza tangu Bukoba.

TOPE LA KYERWA

Omurushaka tulikunywa chai, tukashika njia ya Nkwenda. Hadi mwaka 2012 hii yote ilikuwa Karagwe. Mwaka huo ndipo Kyerwa ikawa wilaya inayojitegemea, inayopakana na Rwanda upande wa magharibi na Uganda kaskazini. Kwao na mwenzangu ni mbele ya Nkwenda, unaacha barabara kubwa unaingia ya kijijini. Na hapo ndipo shughuli ilipoanza.

Fuso la ndizi lilikuwa limelala upande mmoja, limeziba nusu ya njia. Nusu iliyobaki ilikuwa mitaro miwili ya tope zito, rangi ya damu ya mzee. Mwenzangu hakuingia kichwa kichwa. Alivua viatu, akakunja suruali, akaitembea ile njia yote kwa miguu akipima kina kwa fimbo. Akarudi akapunguza upepo kwenye matairi, maana tairi likiwa laini kidogo linatandaza kiatu, linashika. Gia akaiweka namba moja. Hakukanyaga mafuta kwa hasira, alikwenda taratibu, mwendo ule ule, bila kusimama. Nikasikia bamba la chini likikwaruza ardhi, gari likacheza kiuno kushoto, kulia, tukatokea upande wa pili. Vijana wa bodaboda wakapiga miluzi. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Nikamwona mtu niliyempenda.

Akatoa pampu ndogo kwenye buti, akajaza tena upepo, tukaendelea. Hazikupita dakika ishirini, katikati ya mlima, mshale wa joto ukaanza kupanda.

SOKSI ZIMETOBOKA

Mpira wa radieta wa juu ulikuwa umepasuka. Mvuke unatoka kwenye boneti kama tunachemsha pilau. Mwenzangu akataka kufungua mfuniko wa radieta hapo hapo, nikamvuta shati. Maji yale yakikurukia usoni huna uso tena.

Kijana wa bodaboda akaenda kutuletea fundi. Akaja mzee wa makamo, mfuko wa spana begani, buti za mpira mguuni. Hakuanza na injini. Alizunguka gari, akapiga teke moja la upole kila tairi, akainama akachungulia chini. Kisha akamwambia mwenzangu, "Bosi, umevaa viatu vya gharama, lakini soksi zimetoboka."

Akatuonyesha. Ule mpira ulikuwa umezeeka siku nyingi, ukiuminya unatoa nyufa. Mpya hauzidi elfu thelathini. Si huo tu: mpira wa sivijointi ya mbele kushoto ulikuwa umechanika na grisi imerukia kwenye rimu. Ukiliinua gari, alieleza, ile shafti inakaa kwa pembe kali zaidi, na mpira uliochoka haumalizi mwezi. "Kwanza unatengeneza, ndiyo unainua. Nyie vijana mnainua ugonjwa."

Tulisubiri injini ipoe. Fundi akakata ile sehemu iliyopasuka, bahati ukabaki urefu wa kutosha, akaurudishia na klipu mpya. Watoto wakaleta maji kwenye madumu. Akajaza polepole huku akitoa upepo, akisema injini ya Subaru ikibaki na hewa ndani unaona radieta imejaa kumbe kichwani pakavu, inachemsha tena. Na ukiendesha Subaru inayochemsha, hata kilomita mbili, unaua gasketi ya silinda hedi. Hapo unashusha injini, na mkwanja unaokutoka si wa elfu thelathini.

Alitaka elfu ishirini. Nilizitoa mimi.

TULIYOZUNGUMZA PALE MLIMANI

Fundi alipokuwa anajaza maji, sisi tulikuwa tumekaa kwenye jiwe chini ya mgomba, mvua inadondoka kidogo kidogo.

"Nimeiona stakabadhi," nikamwambia.

Akanyamaza. Hakuuliza ipi.

"Mara ya mwisho nilikuja kwa basi," akasema. "Mvua ikatukamata Nkwenda. Nilitembea hadi nyumbani na begi kichwani, usiku, nimelowa. Sikutaka siku yako ya kwanza kwetu uje hivyo, na nguo yako hiyo, unasukuma gari."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa. Ningesema tununue mpira wa radieta, tuje kiangazi."

Akacheka kidogo, mimi sikucheka. "Na mshahara?" nikauliza.

Akachukua muda. "Haukuchelewa."

Sikiliza, dada yangu unayesoma. Milioni moja na laki saba inauma, lakini inarudi. Kilichonitisha pale juu ya jiwe ni jinsi alivyonidanganya vizuri. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo siku ile. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia pia kwamba Juni sifungi ndoa na mtu ambaye sijui anaponidanganya anakuwaje. Hakubisha. Alilia, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona analia.

Tulifika kwao giza limeingia. Mama mkwe alinikumbatia na tope langu. Tukala ndizi na maharage, tukapewa na kahawa ya kutafuna. Baada ya chakula mawingu yakafunguka, tukatoka nje na mzee wake. Upande wa magharibi kile kikundi kidogo cha nyota kilikuwa kinaelekea kuzama. Mwenzangu akamwambia baba yake kwamba zile ndizo nyota zilizo kwenye nembo ya gari, na kwamba Subaru ni jina lake kwa Kijapani. Mzee akashangaa. "Si Kilimia hicho?" akasema. Ndicho. Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sisi chetu kilikuwa kinazama kwa mvua.

Harusi ilisogea hadi Oktoba. Kila senti ilirudi kwenye akaunti, na siku hizi akaunti ina sahihi mbili. Agosti, kabla ya ndoa, tulirudi Kyerwa na bajeti tuliyoiandika wote: mipira mipya ya radieta, sivijointi, mkanda wa taimingi. Safari hiyo tulifika hadi Murongo mpakani, tukasimama tukaangalia Mto Kagera ukipita, ng'ambo yake Kikagati ya Uganda. Mshale wa joto haukusogea hata nywele.

KABLA HUJAWASHA NDINGA

• Anza na afya ya gari. Mipira ya radieta, termostati, bushi, beringi na mipira ya sivijointi kwanza. Spesa na matairi baadaye.

• Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Gari la mtumba hujui limefika wapi, kwa hiyo badilisha ukishalinunua. Ukikatika, valvu zinaweza kugonga pistoni.

• Matairi manne yawe saizi moja na yalingane kuchakaa. Tairi moja dogo linachosha gia boksi. Forester nyingi za zamani za otomatiki zina nafasi ya fyuzi iliyoandikwa FWD. Weka fyuzi hapo ukilazimika kutembelea spea ndogo, gari litatumia matairi ya mbele tu.

• Usizidishe kuinua. Sentimita tatu au nne zinatosha, kisha kapime alaimenti, la sivyo matairi mapya yataliwa upande mmoja.

• Beba dumu la maji, klipu mbili tatu, kamba ya kuvutia, pampu ya upepo na buti za mpira. Njia usiyoijua itembee kwanza kwa miguu.

• Na stakabadhi zote mwonyeshe mwenzako kabla hajazikuta mwenyewe.